Nyakanga aliyekataa kupanda jukwaani: kisa cha uhamasishaji wa VVU huku uwanda wa Makonde

Mradi mmoja wa VVU ulimtaka nyakanga, mama mkuu wa unyago kijijini, tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, apande jukwaani ashike maiki awaambie wanakijiji wote kua anaishi na VVU, anatumia dawa na yuko fiti. Akakataa. Wengi niliowasikia wakikisimulia kisa hiki wanamlaumu yeye, eti mama mbinafsi, angeokoa watoto wa wenzie ila kaona aibu. Mi naona lawama imeenda kwa asiyestahili kabisa, na nitaeleza kwanini, ila inabidi nianze mbali kidogo.

Kwa asiyeijua huku: ukitoka Mtwara mjini ukapita Nanyamba, Tandahimba mpaka Newala, mikorosho kushoto mikorosho kulia, ndo uwanda wenyewe huo. Msimu wa korosho unafunguka Oktoba hivi, minada inaanza kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hela zinaingia, gesti zinajaa, watu wanatoka hadi Dar na ng'ambo ya Ruvuma kuja kutafuta riziki, wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo, wanazunguka usiku na mizani zao. Na likizo ya Desemba inakutana na hela hizo hizo, ndo maana shughuli nyingi za jando na unyago zinapangwa hapo. Kwahiyo kwa miezi mitatu hivi una hela, ugeni, pombe ya mabibo, vijana wametoka kumbini (kambi ya jando) na wasichana wametoka kuchezwa unyago, vyote kwa pamoja. Mtu wa afya yeyote akiangalia hiyo kalenda anashika kichwa.

Nyakanga ndo mkuu wa mambo ya unyago. Sio kungwi tu wa kufundisha, ni mwenye kauli, yeye ndo anasema mwaka huu ngoma inachezwa lini, nani anaingia, nani bado mdogo arudishwe kwao. Huyu wa kisa chetu ni mjane, umri umepita hamsini, kawacheza kina mama na sasa anawacheza binti zao. Mtendaji wa kijiji akitaka watu waje mkutanoni anaanzia kwake, asipoanzia kwake mkutano unakua wa wazee sita na mbwa wa mwenyekiti.

Na ni kweli anaishi na VVU. Alipima mumewe alipofariki, miaka mingi nyuma, akaanza dawa. Ila hachukulii kijijini. Anapanda boda hadi barabarani, af gari mpaka wilaya nyingine kabisa. Kisa cha kukimbia ya hapo karibu ni benchi. Zahanati nyingi za vijijini siku ya CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, inajulikana, kila mtu anajua ni siku fulani ya wiki, na benchi lipo barazani linatazama njia ya kwenda sokoni. Ukikaa pale umeshatangazwa. Wenzie wanaochukulia pale pale wana mbinu zao, dawa zinamiminwa kwenye mfuko wa nailoni na kopo linaachwa hospitali kwasababu vidonge vikiwa kwenye kopo vinalia kacha kacha ukitembea, na mlio ule wanakijiji wameshaujua. Wengine wanajaza pamba. (Nesi anawakataza kumimina, dawa hazitakiwi kupata unyevu, kile kipakiti kidogo ndani ya kopo kipo kwa kazi hiyo. Ila we mwambie mtu achague kati ya unyevu na jirani uone atachagua nini.)

Sasa mradi ulijuaje habari zake? Hapa ndo pa kushika. Kule anakochukulia dawa kuna mtoa huduma wa jamii ambaye asili yake ni kijiji hiki hiki, na alikua anafanya kazi na mradi. Kwenye kikao cha maandalizi watu wanakuna vichwa, tunampata wapi mtu wa kutoa ushuhuda, akasema kwa nia njema kabisa, mbona nyakanga wenu yupo kwenye dawa. Mbele ya kikao kizima, soda mezani. Sentensi moja tu hiyo. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inasema wazi kua majibu ya mtu ni siri yake na hayatolewi bila ridhaa yake, na kila aliyekua kwenye kikao kile ameshapewa semina ya jambo hilo. Hakuna aliyesema ngoja kwanza. Waliandika jina.

Wakamfuata nyumbani. Kijana wa kiume na dada mmoja, tisheti zenye maandishi mgongoni, na gari lenye stika ya utepe mwekundu likapaki uwanjani kwake chini ya mwembe saa nne asubuhi. Jamani. Watoto wa shule wakipita wanasoma stika kwa sauti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni mkekani."

Wakaeleza, kua wanajua bibi ni mtu mkubwa, akisema yeye watu watasikia, vijana wanapotea, mradi utampa posho na usafiri. Akawasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, nani kawaambia habari zangu? Dada akajibu, bibi sisi ni watu wa afya, taarifa hizi tunakua nazo. Bibi akasema, "Mimi ninacho nilichonacho, na nyie mnacho mlichonacho. Chenu mkakiseme wenyewe." Akawapa mabibo wale, wakaondoka.

Gari lile halikuhitaji maiki. Mpaka jioni kijiji kilikua kimeshatunga maelezo, na ngoma ya Desemba ilipofika baadhi ya kina mama waliwahamishia binti zao kwa nyakanga wa kijiji cha pili, kila mmoja na sababu yake ya kusingizia, mara mtoto anaenda kwa shangazi, mara mwaka huu hatuna hela, hela gani na korosho imeuzwa! Mmoja aliniambia bila kificho, wale watoto wananyolewa kwa wembe, wewe ungempeleka wako? Nikamuuliza kwani huyo nyakanga ananyoa kwa wembe mmoja? Akanyamaza. Kila mwali, msichana anayechezwa, analeta wembe wake, kwenye pakiti, tangu miaka ya tisini huko walipoanza kuhubiriwa, na aliyelisimamia hilo kijijini ni huyu huyu mama.

Jukwaani wakampandisha mtu wa kutoka mjini. Akasema vizuri sana. Watu wakapiga makofi, wakala pilau, wakarudi mashambani. Ripoti ikaenda na picha.

Wazo la kumshirikisha mtu anayeishi na virusi mi silipingi. Lina historia nzito, mwaka 1994 kule Paris nchi 42 zilitia saini tamko la kuwashirikisha zaidi watu wanaoishi na VVU kwenye maamuzi, na kabla ya hapo, 1983 kule Denver Marekani, wagonjwa wenyewe walikaa wakaandika misingi yao, wakidai wasiitwe wahanga, wawemo kwenye kila ngazi ya maamuzi. Ila ukisoma misingi ile ya Denver, humo humo wamedai faragha na usiri wa taarifa zao za matibabu. Viwili vimekaa pamoja kwenye karatasi moja. Sisi tumechukua nusu. Ushirikishwaji kwetu umegeuka maana yake simama ujitangaze, wakati nyakanga angeweza kushirikishwa kwa cheo chake cha unyago bila hata mtu mmoja kujua kadi yake ina namba gani. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipima hadharani Dar wakati wa kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji na ilisaidia watu kwenda kupima, ila kupima hadharani na kutangaza hadharani kua unao ni vitu viwili, na anayetoka jukwaani kurudi Ikulu sio sawa na anayerudi nyumba ya udongo ambayo jirani anasikia ukikohoa.

Kuna jambo lingine watu wa kampeni hawalipimi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulitoa maambukizi kwa watu wazima asilimia 4.4 nchi nzima, Njombe 12.7. Mikoa yetu hii ya kusini mashariki maambukizi yake yako chini sana ya Njombe. Ni jambo la kushukuru, sawa, ila lina upande wake wa pili: Njombe ukisema unao, kila anayekusikia ana dada au mjomba aliyenao, ameshauguza, ameshazika, ameshaona mtu akiinuka kitandani baada ya dawa. Huku ukisema unao unaweza kua wa kwanza ambaye jirani yako amemjua kwa uhakika, wengine wote ni tetesi tu. Bei ya kujitangaza inapanda pale ambapo walionao ni wachache. Kwahiyo kuchukua mbinu iliyofanya kazi Makete, huko huko Njombe, ukaja kuibandika Tandahimba kama ilivyo ni kumtoza mtu wa huku bei kubwa kwa bidhaa ile ile.

Af kuna hili la tohara. Makonde, Makua, Yao, Mwera, wote ni watu wa jando, mvulana asiyepita kumbi huku ni wa kutafuta kwa tochi. Majaribio matatu yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda yalionesha, kati ya 2005 na 2007, kua tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Serikali ikapeleka kampeni ya tohara kwenye mikoa isiyotahiri, Iringa, Shinyanga, Kagera na kwingineko, sisi hatukuguswa maana tulishatahiriwa babu na babu. Ila redio inafika. Vijana wakasikia nusu, tohara inazuia, wakajumlisha wenyewe kua sisi basi tuko salama tangu utotoni. Hakuna aliyekuja kuwaambia kua asilimia 60 inaacha 40 nje, na kua hiyo tohara yako haimkingi mwanamke uliyelala nae. Kijana mmoja wa boda pale kituoni aliniambia "dada mi nimepita kumbi, hayo mambo ya watu wa bara", na alikua hatanii. Siku hizi kisu kimoja kwa wavulana wote sio kawaida tena, wengi wanatahiriwa na mtu wa zahanati af wanaingia kumbini kwa mafunzo, kwahiyo hatari ya kisu imeshuka, ila mafunzo yenyewe yamebaki na pengo pale pale.

Mambo yaligeuzwa na nesi wa zahanati, mtu wa Nachingwea aliyehamishiwa huku, sio mradi. Alikuja peke yake, jioni, kwa miguu, kajifunga kanga, hana tisheti wala karatasi. Hakugusa habari ya gari. Aliuliza tu, bibi, hawa wali wako unaowacheza unawafundisha nini kuhusu gonjwa hili? Na bibi, ambaye anameza dawa miaka yote hiyo, akasema nawaambia wajitunze, mengine sijui, kule ninakoenda wananiuliza nimemeza sijameza, hawanifundishi.

Hebu rudieni hapo. Miaka yote anahudhuria kliniki, wingi wa virusi umeshuka hadi hausomeki kwenye kipimo, na hakuna aliyewahi kukaa nae akamweleza kua mtu wa hali hiyo akiendelea na dawa hamwambukizi mwenzie kwa njia ya ngono. Alikua anaamini bado ni hatari kwa kila mtu. Mjukuu akitaka kunywa kikombe chake anamnyang'anya. Huyu ndo walitaka akafundishe wengine jukwaani.

Wakaanza kukutana kwa bibi, makungwi wa kijiji na nesi, siku za mapumziko ya nesi, mlango umefungwa kama shughuli zingine za wanawake zinavyofungwa. Nesi anatoa anachojua, wao wanaamua kipi kinaingia wapi. Hili la mwisho ndo naliona kubwa. Kwa wali wadogo, hawa wa miaka tisa kumi, walikataa kabisa habari za kondomu, nesi alitaka, wakasema hapana, hao wanafundishwa mwili wako ni wako na ukiguswa unamwambia nani. Za kondomu, za kupima, za mimba zikawekwa kwa wakubwa, na kwa wajawazito wanapochezwa ngoma yao ya mimba ya kwanza, maana pale mama anakua na masikio kuliko siku yoyote. Kua bila dawa mtoto ana hatari ya asilimia 15 hadi 45 ya kuambukizwa, tumboni, wakati wa kujifungua au kwenye kunyonya, na mama akimeza dawa vizuri inashuka chini ya 5. Kua tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho 2019, msichana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa bila kusubiri mzazi. Makungwi wengi hilo hawakulijua na kuna waliolichukia, tusidanganyane, mmoja aliacha kuja.

Kilichoingia kwa nguvu kuliko vyote ni saa 72. Mtu akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa zianze haraka na mwisho ni saa 72, baada ya hapo hazisaidii tena. Sasa huku kesi kama hiyo inaendaje? Familia zinakaa. Baba mkubwa anaitwa kutoka Newala, mjomba anasubiriwa, upande wa pili wanatuma mshenga na ahadi ya fidia, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakishaelewana au kushindana ndo mtoto anapelekwa hospitali, na wengine bado wanazunguka kutafuta PF3, ile fomu ya polisi, kituoni kwanza. Nesi alisisitiza mtoto aletwe dawa zianze, PF3 ifuatilie. Nyakanga akaligeuza kua amri kwa somo, yule mwanamke anayemlea mwali kwenye unyago: kila mwali ana somo wake, na somo haruhusiwi kusubiri kikao cha wanaume. Mwali akimwambia, anambeba. Msimu uliofuata msichana mmoja alifikishwa ndani ya muda, siku ya pili, na aliyemleta ni somo wake usiku kwa bodaboda huku wazee bado wamekaa kikao. Zaidi ya hapo siandiki, ni mambo ya mtoto wa watu.

Wimbo upo, wa hizo saa 72. Mi nimechezwa na ninaweza kuusikia, ila hauandikwi hapa.

Nilimweleza kisa hiki kaka mmoja wa konga, mtandao wa watu wanaoishi na VVU, yeye anajitangaza miaka mingi, akanipinga vikali. Akasema, mdogo wangu, kila mtu akijificha unyanyapaa utaisha lini? Waliojitokeza mwanzo ndo waliopiga kelele mpaka dawa zikaanza kutolewa bure nchi hii 2004, wangekaa kimya kama huyo bibi yako tungekua tumeshakufa. Ana haki, na sina jibu la kumfunga mdomo. Ninachosema ni kua yeye alichagua, siku aliyochagua, na anajua atalipa nini. Msimu wa mnada anasimama kwenye maghala anaongea na wanaume waliokaa juu ya magunia, wanaume ambao zahanati hawakanyagi mpaka wabebwe, na wanamsikiliza kwasababu ni mkulima mwenzao anayelalamikia bei kama wao. Kazi hiyo nyakanga haiwezi. Na ya nyakanga kaka haiwezi, huwezi kumwingiza mwanaume unyagoni.

Wenyeji wa asili wa nchi kama Kanada walishapigania jambo hili hili. Kwenye mkutano wa dunia wa UKIMWI uliofanyika Toronto 2006 walitoka na hati yao, wakidai wenyewe ndo waamue mambo ya afya yao na kampeni ziheshimu lugha na mila zao, sio kuletewa zilizopikwa kwingine. Wao wamepitia mambo yao mazito ambayo sio yetu, ila nilipoisoma nilimkumbuka nesi na kanga yake.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, mradi ule ulifunga ofisi, gari likarudi lilikotoka, tisheti zimebaki zinavaliwa shambani kupulizia salfa. Mikutano ya makungwi haikukatika hata wiki, maana haikua na bajeti ya kukatwa, ilikua na nesi na jiko la mkaa. Sisemi miradi haina kazi, dawa na vipimo vingi vimeletwa na hela hizo hizo na watu walihaha kweli kweli. Ila ukiniuliza kijijini pale kimebaki nini cha uhamasishaji, kimebaki kile ambacho wenyewe walikipika.

Yale mengine bado. Nesi kaomba siku ya CTC ichanganywe na kliniki ya kawaida na benchi lihamishiwe nyuma, benchi limehama, siku haijachanganywa. Bibi bado anapanda gari kwenda wilaya ya pili, sema sasa anapewa dawa za miezi sita kwahiyo safari zimepungua. Wale kina mama waliohamisha binti zao, wapo waliorudi na wapo ambao hawajarudi, na yeye hajawauliza. Mtoa huduma aliyesema jina kikaoni hakuna aliyemwajibisha.

Kata ya jirani wamesikia, wameomba waje wajifunze. Bibi kasema waje, ila makungwi watupu, waje na unga wao, na gari lolote likiwaleta liishie barabara kubwa.